Upande wa Nne

Shangazi yetu ana mkono wa haki, hilo hakuna anayembishia. Baba alipofariki, yeye ndiye aliyekaa sakafuni katikati ya vyombo akavigawa mafungu mawili, langu na la mdogo wangu, na hakutaka kusikia ushauri wa mtu. Vikombe vitatu huku, vitatu kule. Mashuka mawili huku, mawili kule. Gramafoni nikapewa mimi, spika zake akapewa mdogo wangu, na jirani mmoja alipothubutu kusema kwamba gramafoni bila spika ni kabati tu, Shangazi alimkata jicho akanywea. Halafu akafika kwenye albamu. Ndani ya jalada akakuta santuri mbili. Akavaa miwani, akasoma namba kwenye karatasi za katikati. "Hii imeandikwa moja, ya mkubwa. Hii mbili, ya mdogo. Jalada halikatiki, abaki nalo mkubwa." Akaitia santuri ya mdogo wangu kwenye foronya, akasonga mbele kwenye masufuria.

Ningeweza kusema neno. Mdogo wangu naye ana mdomo, tena si mdogo. Lakini siku ile tulikaa kama watu wanaosubiri kuitwa dirishani, na kila Shangazi alichotusukumia tulikipokea kwa mikono miwili tukasema ahsante.

Sasa nikueleze albamu yenyewe, maana bila hiyo utaona tulikuwa wendawazimu tu. Ilikuja kwetu pamoja na gramafoni. Baba alikuwa fundi redio, na mteja mmoja aliileta mashine haizunguki, santuri zikiwa ndani, akaondoka na hakurudi tena kuichukua. Baba alisubiri, akasubiri, mwishowe akaiingiza sebuleni. Ni muziki wa roki, wa zamani, wanaume wanne, Baba alisema wenye nywele za kufika mabegani, magitaa ya umeme, na lugha ambayo nyumbani kwetu hakuna aliyeijua. Juu ya jalada hakuna hata sura yao. Kuna kiti chekundu katikati ya uwanja mtupu, basi. Sisi tuliiita Kiti Chekundu, na nyimbo tukazibatiza wenyewe. Kuna Mlevi, gitaa linayumba huku na huku na mwisho linafika nyumbani salama. Kuna Treni. Kuna Mama Mkali, mwimbaji anafoka tangu anafungua mdomo mpaka anaufunga, na wala huambiwi amekosewa nini.

Niliipenda albamu ile, jamani. Wasichana wenzangu walikuwa na waimbaji wao wa mapenzi, wanabandika picha ukutani, mimi nilikuwa na wanaume wanne ambao hata sura zao sizijui. Ilipofika pale kwenye Mlevi gitaa linapobaki peke yake, vinyweleo vilinisimama, kila mara, hata siku ambazo nilikuwa nimenuna. Mdogo wangu alinicheka: "Tazameni, Dada ameota manyoya!" Huku yeye mwenyewe macho yamemlowa.

Na ilikuwa na utaratibu wake. Gramafoni ile ina mti wa chuma katikati. Unapanga santuri zote mbili juu ya mti, ya chini inaanguka inapigwa, ikimalizika ya juu inaifuata. Kisha unazigeuza zote pamoja, kama godoro, unazirudisha juu. Kwa hiyo waliotengeneza albamu walipanga pande zifuate mashine: upande wa kwanza na wa nne mgongo kwa mgongo kwenye santuri moja, wa pili na wa tatu kwenye nyingine. Shangazi wa watu angejuaje? Alidhani anampa mkubwa nusu ya kwanza na mdogo nusu ya pili. Alinipa mimi mwanzo na mwisho, mdogo wangu akapata tumbo.

Utasema hilo ni jambo la kumalizwa siku moja. Mdogo wangu aliniambia, "Lete yako tusikilize." Nikamwambia, "Lete wewe, gramafoni iko kwangu." Akasema spika ziko kwake, na lile jalada ninalolikumbatia nusu yake ni lake. Nikamwambia mimi ndiye mkubwa. Akasema, "Basi onyesha ukubwa." Tukaachana hapo, na miaka ikatukuta hapo hapo, kila mtu na santuri yake. Tulionana kwenye harusi za watu na misiba ya watu, tukasalimiana vizuri. Kiti Chekundu haikutajwa.

Nilinunua spika zangu, vitu vya plastiki, na kila siku ya mapumziko niliweka upande wa kwanza, kisha nikageuza nikaweka wa nne. Lakini nikuambie kitu. Tangu Baba aondoke sikuwahi kulia. Msibani niligawa chai, nikaosha vikombe, nikawapa watu pole badala ya wao kunipa mimi, na Shangazi akamnong'oneza mtu kwamba huyu binti ana moyo mkavu. Hakukosea. Nilikuwa nimekufa ganzi. Mlevi inafika pale pake, naangalia mkono wangu, vinyweleo vimelala. Wiki inayofuata naweka tena, naangalia tena. Ni kama mtu anayebonyeza swichi huku anajua umeme umekatika mtaa mzima.

Mimi ni mpiga pasi kwa dobi mmoja, chumba cha nyuma. Pasi ya mvuke inaning'inia kwenye mpira wake, mashati yaliyokunjamana yako kulia, yaliyonyooka yako kushoto, na katikati niko mimi. Ni kazi nzuri kwa mtu asiyetaka kuongea. Siku moja asubuhi nikasikia mtu anaulizia jina langu kule mbele, na kabla sijajibu wifi yangu, mke wa mdogo wangu, alishaingia na kusimama kwenye mvuke.

"Shikamoo, wifi."

"Marahaba. Mtu wako hajambo?"

"Nimekuja kwa ajili yake." Akavua mtandio, akauvaa tena. "Yale masikio yake. Sote tulidhani ni nyundo."

Mdogo wangu ni fundi wa kunyoosha bodi za magari. Anagonga chuma tangu asubuhi mpaka jioni, kwa hiyo alipoanza kuuliza nini, nini, kila mtu alimtania kwamba gereji imemla masikio, na mimi nilikuwa wa kwanza.

"Kumbe si nyundo," wifi akasema. "Ni uvimbe. Uko ndani huku, kwenye mishipa, kulia na kushoto. Wakiuacha utamuua. Wakiutoa, daktari amesema, masikio yanaondoka nao."

"Yote mawili?"

"La kushoto limeshazima. La kulia bado linasikia kidogo, ukimsogelea. Baada ya upasuaji hatasikia tena kitu, wifi. Kitu chochote, mpaka anaingia kaburini."

Nikaendelea kupiga kola. Nakuambia ukweli wa Mungu, sikuumia. Huruma haikuja, machozi ndiyo usiseme. Niliona tu kwamba kola ile ina doa la wino, na mwenye shati atasema tumelitia sisi.

"Wanamkata siku mbili baada ya siku ya mapumziko," wifi akaendelea. "Siku hiyo ya mapumziko anataka aje kwako na spika na ile santuri. Anasema asikie Kiti Chekundu yote kwanza, kuanzia mwanzo mpaka mwisho, halafu wamkate wanavyotaka. Hiyo tu. Hajaomba kitu kingine, hata kwangu mimi mkewe."

"Kwa nini hakuja kuniambia mwenyewe?"

"Wifi, na wewe!"

"Haya, haya. Mwambie aje. Na aje na spika zote mbili, namjua, asije na moja akaniambia nyingine nitaifuata."

Wifi akacheka huku anafuta macho. Mimi nikachukua shati lingine.

Siku ya mapumziko mchana, pikapu ya gereji ikasimama mlangoni. Wifi alimshusha yeye na spika, zile kubwa za mbao ambazo Baba alizitengeneza mwenyewe, akasema anakwenda kununua vitu vya hospitali na atarudi jioni. Niliingiza spika moja, mdogo wangu akaingiza nyingine. Akapiga magoti nyuma ya gramafoni akaanza kuunga nyaya.

"Umekonda," nikamwambia mgongoni. Kimya. "Nimesema umekonda, hupewi chakula?" Kimya. Nikajiambia, ehee, ameanza kiburi hata kabla hajakaa. Aligeuka baadaye sana, akaniona nimesimama, uso wake ukafunguka.

"Dada! Umezeeka!" Alisema kwa sauti ya kuita mtu ng'ambo ya barabara.

"Na wewe umekuwa kijana?"

Akautazama mdomo wangu, akacheka. Nilidhani anatazama lile jino lililong'oka, nikaufunga mdomo.

Akaitoa santuri yake. Hebu fikiri, bado ilikuwa kwenye foronya ya Shangazi, imefuliwa mpaka imekuwa nyepesi kama chachi. Nikamletea jalada. Akalilaza juu ya mapaja, akakiangalia kile kiti chekundu, akaisukuma santuri ndani, mahali pake. Kisha akaitoa tena, maana tulikuwa na kazi. Mti wa gramafoni ulishavunjika zamani, ikabidi tuweke kila upande kwa mkono.

Upande wa kwanza. Alivuta kigoda akakaa karibu kabisa na mashine, magoti yanagusa kabati, macho kwenye santuri. Sikushangaa. Baba alitufundisha kusoma santuri kwa macho, penye kelele pana mng'ao wake na penye upole pana weusi wake, na tulipokuwa wadogo tulishindana nani atataja kitakachokuja. Nikashusha sindano. Nikanyoosha mkono kuongeza sauti, naye akainua kiganja. "Inatosha, Dada. Usiniue."

Basi nikatulia. Nikajisemea, ahsante Mungu, anasikia, tumewahi.

Na alisikiliza, mdogo wangu! Kila gitaa lilipoingia alilipokea kwa kichwa. Kwenye Mlevi aliyumba naye kigodani, kulia, kushoto, na lilipofika nyumbani akajipiga kifua. Nikaangalia mkono wangu. Umelala fofofo.

Upande wa pili, wake huo. Sikuwa nimeisikia Treni tangu siku ya vyombo. Nilikuwa nimeiwekea tumaini, sikufichi. Nilisema hii ndiyo itanizindua, hii niliyonyimwa. Ikaanza, spika za Baba zikaijaza sebule mpaka kioo cha dirisha kikatetemeka, na mdogo wangu akawa anapiga magoti yake kwa viganja, bila kukosea hata mara moja. Nilijua ni nzuri. Nilijua tu, kama unavyojua chakula kina chumvi kwa sababu mpishi amekuambia. Katikati ya Treni nilijikuta nawaza kama niliizima pasi kazini.

Upande wa tatu ukawa Mama Mkali. Mdogo wangu aliinuka, akashika mwiko wangu wa jikoni kama kipaza sauti, akaanza kufoka pamoja na mwimbaji, shingo imemtoka mishipa, mara anatupa jicho kwenye sindano, mara ananinyooshea kidole mimi kana kwamba mimi ndiye niliyemkosea yule mtu. Sauti haimtoki, ni mdomo tu. Nilicheka. Kilicheka kinywa, lakini kilicheka. Nikamwambia, "Wewe ni mjinga kweli," naye akajibu, "Nani mjinga?" na kwa muda kidogo tulikuwa tumerudi palepale pa zamani.

Halafu akaweka mwiko chini. "Bado mmoja," akasema. Sasa hakuwa anapiga kelele, alisema kwa sauti ya kawaida, na ikamponyoka kidogo mwishoni. "Chini, Dada."

Baba alikuwa na sheria moja tu kuhusu muziki: upande wa nne hausikilizwi umekaa. Upande wa nne ni wimbo mmoja, mrefu, umejaza upande mzima, na Baba alitaka watu wote walale chali sakafuni, vichwa pamoja, macho yamefumbwa, mtu asiguse kitu mpaka uishe. Nilitandika mkeka. Mdogo wangu akalala, mikono juu ya tumbo, akafumba macho. Nikashusha sindano nikalala upande wa pili, nywele zetu zikagusana.

Wimbo ukaenda. Nililala nikaangalia dari, maana mimi macho sikufumba, na nikahesabu mbao, nikaona utando wa buibui ambao sikuwahi kuuona. Nikawaza, sasa anausikia kwa mara ya mwisho, nawe uko hapa unatafuta buibui, una nini wewe mwanamke? Nikainua kichwa nimtazame.

Mguu wake ulikuwa unapiga. Alikuwa amevua viatu, na kisigino kilikuwa kinagonga mkeka haraka haraka, kwa raha. Lakini wimbo ulikuwa umefika mahali ambapo kumebaki sauti ya mtu tu, anaimba chini chini, hakuna cha kupigia mguu. Nikadhani ananitania. Kisha ngoma zikarudi kwa kishindo, na mguu ukawa umepoa, unagusagusa tu. Nikalala tena. Sikutaka kuwaza nilichoanza kuwaza.

Wimbo ukaisha. Sindano ikaingia kwenye ule mfereji wa mwisho ikawa inakwaruza, inazunguka bure. Nikasubiri ainuke. Kisigino kikaanza tena, haraka haraka.

"Umeisha," nikasema.

Mguu unapiga.

"We! Umeisha, nimesema."

Nikakaa. Nikainama mpaka kwenye sikio lake la kulia, lile lililosemwa bado linasikia, nikamwita kwa jina nililokuwa namwitia utotoni nikitaka tupigane. "Kichwa maji." Zamani ungelitamka ukiwa nje ya nyumba angetoka mbio na fimbo. Alitabasamu peke yake, macho yamefumbwa, anasikiliza.

Hakuwa amesikia upande wa nne. Hakuwa amesikia upande hata mmoja. Sikio la kulia lilikuwa limeondoka kabla hajafika kwangu, na hakumwambia mtu, hata mkewe. Tangu aingie alikuwa anasoma mdomo wangu. Aliuona mkono wangu kwenye sauti akasema inatosha. Pande tatu zile alizipiga kutoka kichwani mwake huku macho yakifuata sindano, na hapa chini mkekani hakuwa na sindano ya kufuata.

Niliogopa. Nasema niliogopa, na sijui nitumie neno gani lingine. Nilimtazama mdogo wangu amelala pale na kiwiliwili chake chote cha mtu mzima, nikamwonea uchungu. Tumechelewa. Spika zilikuwa kwake, gramafoni kwangu, na tumechelewa.

Akafumbua macho. Hakuiangalia mashine, aliniangalia mimi.

"Ukiisha uniambie, Dada," akasema. "Usinifiche."

Sindano ilikuwa inakwaruza nyuma yangu. Nikatikisa kichwa. Bado. Nikasema tena kwa midomo, polepole ili aione: ba-do.

Akanitazama. Mguu wake ukatulia. Sijui alisoma nini usoni mwangu, lakini kidevu kilimcheza, na akafumba macho kwa nguvu, kama mtoto anayeambiwa alale.

Nikalala karibu naye, safari hii bega kwa bega. Nikauchukua mkono wake, ule wa kazi, mgumu kama ubao, nikaufungua kiganja. Nikaanza kumpigia upande wa nne kwa vidole, tangu mwanzo. Niliupiga kila wiki, lakini sikuwa na uhakika kama naujua wote. Nilikuwa nalia, kamasi zinanishuka, nashindwa hata kuhesabu, napiga tu.

Akavikamata vidole vyangu, akavizuia.

"Taratibu, Dada," akasema. "Hapo ngoma bado hazijaingia."